Ukitaka kodi ishuke, anza na ukurasa wa matumizi

Swali: Nina duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, Tanga. Kila Juni nasikiliza hotuba ya bajeti nikingoja kusikia kodi imeshuka, na kila Julai nakuta kimoja kimeshuka na kingine kimepanda. Serikali ikitaka kwa dhati kupunguza kodi na uchumi ukue, bajeti ianze na kipi? Na mtu kama mimi naingilia wapi?

Jibu: Tuanze na mfuko wa saruji uliopo mlangoni pako, maana ndani yake mna nusu ya jibu.

Tozo ya miamala ya simu ilianza Julai 2021, kiwango cha juu kikiwa shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Watu walilalamika, ikapunguzwa hatua kwa hatua, na bajeti ya 2023/24 ikaiondoa kwenye kutuma pesa. Bajeti hiyo hiyo ndiyo iliyoweka ushuru wa bidhaa wa shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, na shilingi 100 zaidi kwa kila lita ya petroli na dizeli. Mfuko wa kilo 50 ukabeba shilingi 1,000. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, nayo hutozwa juu ya bei ambayo tayari ina ushuru ndani yake, kwa hiyo asilimia 18 ya hiyo 1,000 ni 180 nyingine. Jumla 1,180 kwa mfuko, hata kama saruji imetoka hapo Pongwe tu. Kama mauzo yako hayafiki milioni 200 kwa mwaka hulazimiki kujisajili VAT, na asiyesajiliwa hana pa kuirejesha ile VAT aliyolipa kiwandani. Inakaa kwenye bei. Mteja wako anayenunua mifuko 60 ya msingi anatoa 70,800 ya nyongeza hiyo peke yake, bila kuhesabu mafuta ya lori.

Serikali haikudanganya iliposema imeondoa tozo ya kutuma pesa, iliiondoa kweli. Ila orodha ya matumizi haikupungua, na shimo lililoachwa na tozo lilibidi lizibwe. Hapo ndipo pa kushika: kodi hupungua kwa kudumu pale tu matumizi yanapopangwa upya, au walipaji wanapoongezeka. Njia ya tatu ni kukopa ili kuziba pengo, na hiyo wahenga wameshaisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Mkopo wa leo ni kodi ya kesho, na riba juu yake.

Tazama hesabu kubwa. Bajeti ya 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35, na mapato ya ndani yalikadiriwa trilioni 34.61, yaani kama asilimia 70. Kilichobaki ni mikopo na misaada. Malipo ya deni na mishahara humeza zaidi ya nusu ya mapato ya ndani, na hayo mawili huwezi kuyakata Julai kwa amri. Anayeahidi kushusha kodi anacheza kwenye sehemu ndogo iliyobaki. Kwa hiyo kila ahadi ya kodi kushuka iulizwe swali moja: kasma ipi, yaani fungu gani la matumizi, inapungua, na kwa shilingi ngapi?

Sasa kipaumbele. Ningeulizwa nipange, cha kwanza kabisa kingekuwa kulipa malimbikizo ya madeni ya wazabuni na wakandarasi, kabla ya kushusha kiwango chochote cha kodi. Najua si jibu unalotarajia, lakini fuata hesabu. Mkandarasi amemaliza kipande cha barabara, hati yake ya malipo ni milioni 500, na malipo yanachelewa miezi tisa. Alifanya kazi kwa mkopo wa benki wa, tuseme, asilimia 16 kwa mwaka. Riba ya miezi tisa ni milioni 60. Kwenye zabuni ijayo ataziweka milioni hizo 60 ndani ya bei, na mwenzake naye vivyo hivyo, mpaka serikali inanunua kila kitu kwa bei ya mtu anayejua atacheleweshwa. Huo ni mzigo wa kodi ambao hauandikwi kwenye sheria yoyote.

Linalouma zaidi ni VAT. Sheria inahesabu VAT kuanzia lile linalotangulia kati ya ankara, malipo au kutolewa kwa bidhaa au huduma. Mzabuni aliyeiuzia taasisi ya umma na kutoa ankara mwezi wa tatu anatakiwa kuwasilisha VAT hiyo kwa mamlaka ya mapato, TRA, ifikapo tarehe 20 ya mwezi wa nne, hata kama taasisi haijamlipa senti. Analipia serikali kodi kutoka mfukoni mwake, juu ya pesa ambayo serikali yenyewe haijampa. Akichelewa, anatozwa riba. Ndiyo maana unaona wauzaji wengine wa Tanga wanaziacha zabuni za umma, hasa wadogo, na wanaobaki ni wachache wenye mtaji wa kusubiri. Ushindani ukipungua bei zinapanda tena. Na wewe unaumia kwa kuzunguka: fundi anayemdai mkandarasi ndiye anayechukua mabati kwako kwa mali kauli.

Kwa hiyo bajeti inayotaka kukuza uchumi inatenga fungu la malimbikizo yaliyohakikiwa, inalipa ya zamani kwanza kwa orodha iliyo wazi, kisha inazuia mapya. Kuzuia mapya ndiko kugumu. Deni jipya huzaliwa pale taasisi inaposaini mkataba kwa kutegemea makisio, halafu fedha iliyotolewa inakuwa pungufu ya iliyopitishwa. Dawa yake ni kukisia mapato kwa uangalifu. Makisio yaliyotiwa chumvi hupendeza siku ya kusomwa, na kufikia Januari yameshageuka kuwa deni analodai mzabuni wa Chumbageni, hapa Tanga.

Cha pili ni kumaliza kilichoanzwa kabla ya kuzindua kipya. Tanga tuna mfano unaoonekana kwa macho. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga kama kilomita 1.7 kutoka gatini, mzigo ukashushwa kwenye matishari, tishari likavutwa hadi gatini, mzigo ukapakuliwa mara ya pili. Kila mguso ni gharama, na kila siku meli inayosubiri ni gharama nyingine. Uboreshaji uliogharimu shilingi bilioni 429.1 uliongeza kina hadi mita 13 na kujenga gati mbili zenye urefu wa mita 450, na sasa meli zinafunga ukutani. Ulifanyika kwa awamu mbili, bilioni 172.3 kisha 256.8. Fikiri ingekuwaje ya pili ingesimama katikati: mabilioni yamezama, na meli bado iko nangani. Mradi wa nusu haukusanyi kodi. Ukikamilika, Forodha inakusanya zaidi bila kupandisha kiwango hata kimoja, kwa sababu mzigo umeongezeka na malori, mawakala, mama lishe na wenye maghala wameongezeka nao. Hii ndiyo maana halisi ya kupanua wigo wa kodi. Si kumkimbiza muuza samaki wa Deep Sea.

Matengenezo ni ya tatu, nayo sitakaa nayo. Barabara isiyozibwa mashimo mwaka huu inajengwa upya baada ya miaka michache kwa gharama mara nyingi zaidi. Kila bajeti inayobana matengenezo ili kupata fedha ya mradi mpya inajikopesha kwa riba mbaya.

Kuna miradi isiyostahili kubebwa na kodi hata kidogo, ile inayoweza kujilipa yenyewe. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya mkopo kwa mradi unaojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 kwa miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, na wawekezaji wakainunua yote. Bilioni hizo hazikutoka kwenye bajeti ya elimu wala ya zahanati. Lakini usiishie kushangilia. Riba peke yake ni kama bilioni 7.17 kila mwaka, na inalipwa na ankara za maji. Ikiwa maji mengi yanapotea kwa mabomba yanayovuja au mita mbovu, mzigo utahamia kwenye bei ya uniti. Hatifungani inafaa pale ambapo mradi unaleta wateja wapya wanaolipa. Ikitumika kulipia posho na magari, ni deni kama madeni mengine.

Hayo yakishapangwa, ndipo tunakuja kwenye kukata, nako kuna utaratibu wake.

Anza na tozo ndogo zinazogharimu karibu sawa na zinachokusanya. Chukua geti la ushuru wa mazao. Nakupa hesabu ya mfano tu. Linakusanya 90,000 kwa siku. Watu wanne wa zamu mbili kwa posho ya 12,000 kila mmoja ni 48,000. Mafuta ya msimamizi, karatasi za mashine na chaji ni 10,000. Halmashauri inabaki na 32,000. Upande wa pili wa geti kuna malori 15 yaliyosimama nusu saa kila moja, nyanya zinapata joto, na dereva mmoja au wawili wamelipa pembeni bila risiti. Geti hilo likifutwa, halmashauri inapoteza 32,000 na soko linapata zaidi ya hapo. Serikali imeshafanya hivi kwa sehemu: mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mwaka 2019, katika mpango wa kuboresha mazingira ya biashara uitwao MKUMBI, tozo na ada 54 zilifutwa. Hatari ni kwamba tozo iliyofutwa hurudi kwa jina jingine kama taasisi iliyokuwa ikiishi kwayo haikupewa fungu mbadala. Kufuta tozo bila kupanga mshahara wa aliyekuwa akiitoza ni kufuta kwa karatasi.

Pili, kata kodi zinazoingia kwenye gharama ya kuzalisha kuliko zinazotozwa kwenye matumizi ya mwisho: mafuta, vifaa vya ujenzi, ada za vibali, kodi juu ya ajira. Hapa tuna historia nzuri ya kwenda polepole. Tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL anayolipa mwajiri, ilikuwa asilimia 6, ikashuka hadi 5, 4.5, 4, na mwaka 2023 ikafika 3.5, njiani, mwaka 2021, waajiri wenye wafanyakazi chini ya 10 wakatolewa kabisa. Kodi ya mshahara ngazi ya chini ilikuwa asilimia 11 mwaka 2015, ikawa 9 mwaka 2016, kiwango kisichotozwa kikapanda kutoka 170,000 hadi 270,000 mwaka 2020, na asilimia ikawa 8 mwaka 2021. Mtu ambaye mshahara wake unaotozwa kodi ni 520,000 kwa mwezi sasa analipa asilimia 8 ya 250,000, yaani 20,000. Hakuna mwaka hata mmoja kati ya hiyo uliotikisa Hazina, kwa sababu kila hatua ilikuwa ndogo kiasi cha kumezwa na ukuaji wa kawaida wa mapato.

Linganisha na walioruka. Jimbo la Kansas, Marekani, mwaka 2012 lilikata kodi ya mapato kwa mkupuo na kufuta kabisa kodi kwa aina fulani za biashara, gavana Sam Brownback akiamini ukuaji ungeziba pengo. Haukuziba. Watu walibadilisha mishahara yao ionekane faida ya biashara ili wasitozwe, mapato yakaanguka, mwaka 2015 baadhi ya wilaya za shule zikafunga mapema kwa kukosa fedha, na Juni 2017 bunge la jimbo likarudisha sehemu kubwa ya kodi likipindua kura ya turufu (pingamizi) ya gavana. Carolina Kaskazini ilianza karibu wakati huo huo ikaenda kwa njia nyingine: kodi ya makampuni ilitoka asilimia 6.9 mwaka 2013 hadi 2.5 mwaka 2019 kwa hatua, baadhi ya hatua zikiwa na sharti la mapato kufika kiasi kilichotajwa, na wakati huo huo misamaha ikapunguzwa. Ningependa sana kuona sharti kama hilo kwenye Sheria ya Fedha yetu: kiwango kishuke mwaka fulani, *endapo* makusanyo yamefika kiasi fulani. Mfanyabiashara anapanga, Hazina inalindwa. Mwekezaji akikuta viwango vinabadilika kila Juni bila kutarajiwa, atafanya kama msemo wetu wa Tanga: waja leo, waondoka leo.

Na misamaha ya kodi? Msamaha kwa mmoja ni nyongeza kwa mwingine. Si mibaya yote, lakini kila msamaha uwe na tarehe ya kuisha na thamani yake iandikwe kwenye kitabu cha bajeti kama matumizi. Bora kiwango kidogo kwa wote kuliko kikubwa chenye matundu. Mwelekeo mmoja mzuri ni Sheria ya Fedha ya 2025 iliyoingiza VAT ya asilimia 16 badala ya 18 kwa mnunuzi wa mwisho anayelipa kwa benki au kwa njia ya kielektroniki. Kiwango kinashuka pale ambapo mauzo yanaonekana.

Kwako wewe binafsi kuna punguzo ambalo halihitaji bajeti mpya. Mlipaji mdogo ambaye mauzo yake ni kati ya milioni 4 na 7 kwa mwaka, asipokuwa na kumbukumbu, hukadiriwa 100,000. Akiwa na kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4. Mwenye mauzo ya milioni 5 basi analipa 30,000. Tofauti ni 70,000, bei ya daftari na risiti zilizotunzwa. Duka la vifaa vya ujenzi huenda liko juu ya hapo, lakini kanuni ni ile ile: asiye na hesabu hukadiriwa, na makadirio hayajawahi kumpendelea asiye na hesabu.

Sasa, unaingilia wapi. Wengi huongea Juni, wakati chakula kimeshaiva.

Kodi za kitaifa: Wizara ya Fedha hupokea mapendekezo ya wadau miezi ya mwisho ya mwaka hadi mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Peleka kupitia jumuiya ya wafanyabiashara au chemba ya mkoa, maana barua moja yenye maduka 40 nyuma yake husomwa tofauti. Muswada wa Sheria ya Fedha ukishatoka Juni, Kamati ya Bunge ya Bajeti huwasikiliza wadau kwa siku chache tu, na Sheria huanza tarehe 1 Julai. Jambo ambalo wabunge wenyewe hawalitumii vya kutosha: Ibara ya 99 ya Katiba inazuia Bunge kupandisha au kubadili kodi bila pendekezo la Rais, *isipokuwa kupunguza*. Mbunge wako anaweza kupendekeza kodi ipungue. Mpe andiko lenye namba alitumie.

Ushuru wa halmashauri ndiko mkono wako unakofika zaidi. Vipaumbele huanzia kwenye mtaa na kata kuelekea mwisho wa mwaka, na baraza la madiwani hupitisha makisio mapema mwaka mpya. Nenda kwenye kikao cha kata. Diwani hawezi kutetea asichokisikia. Ushuru wa huduma, kwa mfano, sheria inataja asilimia ya mauzo ambayo ushuru *hauzidi*, kwa hiyo asilimia hiyo ni dari, na baraza linaruhusiwa kukaa chini yake. Kila ada ya halmashauri lazima iwe kwenye sheria ndogo iliyoidhinishwa na waziri mwenye dhamana na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Ukidaiwa usiyoijua, omba kwa upole mambo mawili: namba ya tangazo la serikali, na namba ya malipo. Mtu mwenye madai halali anayo yote mawili.

Andiko lako lisizidi kurasa mbili. Taja kodi au tozo moja tu, kifungu chake, na unacholipa sasa kwa shilingi. Onyesha kwa mfano wa bidhaa moja jinsi inavyopanda hadi kwa mnunuzi, kama hesabu ya mfuko wa saruji hapo juu. Kadiria serikali itapoteza kiasi gani: chukua idadi ya walipaji wa aina yako unaowafahamu na mauzo yao, usitunge. Kisha andika sehemu ambayo karibu kila andiko huikosa, ndiyo inayofanya mengi yawekwe pembeni: pengo lizibwe na nini. Taja kasma ya kupunguzwa, msamaha wa kufutwa, au walipaji wapya watakaoingia kiwango kikishuka. Kwa ushuru wa saruji unaweza kupendekeza ushuke kutoka shilingi 20 hadi 15 kwa kilo mwaka wa kwanza, kisha 10 endapo tani zilizouzwa zimeongezeka. Viwanda hutoa taarifa za uzalishaji kwa TRA kila mwezi, kwa hiyo sharti hilo linapimika. Punguzo la shilingi 5 kwa kilo ni 250 kwa mfuko, na VAT yake 45. Shilingi 295. Ziandike hivyo hivyo, kwa mfuko mmoja, ukurasa wa kwanza.